Kumfundisha Kiingereza mwanafunzi anayezungumza Kihispania: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nafundisha Kiingereza kwa njia ya intaneti nikiwa Mombasa. Wanafunzi wangu wengi ni watu wa Meksiko na Kolombia, na wachache wako Uhispania. Walimu wenzangu wa Kenya na Tanzania wanaoingia katika kazi hii huniuliza maswali yale yale, na ndugu zetu walioko Marekani, wanaokaa darasa moja la jioni na majirani zao wa Honduras au Meksiko, huniuliza mengine. Nimeyakusanya hapa. Jambo ambalo natamani ningeambiwa mapema ni hili: karibu kila kosa la mwanafunzi huyu lina mzizi katika Kihispania, na mara nyingi mno Kiswahili nacho kina mzizi huo huo.

Je, ni lazima nijue Kihispania?

Si lazima, ila jifunze kiasi. Mwanafunzi akisema "I came for to learn", anayejua Kihispania kidogo anasikia "para aprender" nyuma ya sentensi ile, anaondoa "for" na kuendelea. Asiyejua ataanza kufundisha somo zima. Tena kuna faida ya pili. Siku utakayohangaika kutofautisha "pero" (lakini) na "perro" (mbwa) mbele yake, naye akusahihishe, ndiyo siku atakayothubutu kukosea mbele yako.

Kwa nini anasema "I have twenty years"?

Kwa sababu kwao umri ni kitu ulicho nacho. "Tengo veinte años" ni "nina miaka ishirini", neno kwa neno. Endelea mbele uone: "tengo hambre" ni nina njaa, "tengo sed" nina kiu, "tengo sueño" nina usingizi, "tengo prisa" nina haraka, "tengo suerte" nina bahati. Mara ya kwanza kuiona orodha hii nilinyamaza kidogo. Nilikumbuka nilivyoandika "I have ten years" katika daftari langu la shule ya msingi, mwalimu akakata kwa wino mwekundu na asiseme neno.

Usimfanyie mwanafunzi wako hivyo. Mweleze kwamba katika Kiingereza mtu hana njaa wala miaka. Yeye mwenyewe ndiye anakuwa hivyo: "I am hungry", "I am thirsty", "I am twenty", "I am lucky". Fundisha kundi lote kwa siku moja, usingoje makosa yaje moja moja. Mwambie aandike safu mbili, "tengo" kushoto na "I am" kulia, azisome kwa sauti kila anapofungua daftari. Kwa uzoefu wangu kosa la umri ndilo linalokawia kuondoka, maana mtu huulizwa umri wake tangu utotoni na jibu limekwisha kukaa ulimini.

Mbona anaanza sentensi bila mtenda: "Is raining", "Is very important"?

Kitenzi cha Kihispania kinabeba mtenda ndani yake. "Hablo" ni nasema, "hablas" unasema, "hablamos" tunasema. Ni kama viambishi vyetu, ila vyetu viko mbele na vyao viko mkiani. Kama wewe husemi "mimi nasema" kila mara unapofungua mdomo, yeye naye hasemi "yo hablo" ila pale anapotaka kusisitiza.

Kiingereza kimepoteza karibu mikia yote ya vitenzi. Katika wakati uliopo imebaki "s" moja tu, ile ya "he works". Ndiyo maana hakiwezi kuacha kiwakilishi, hata kwa mvua ambayo hakuna anayeinyesha. Mimi humwambia mwanafunzi kwamba kila sentensi lazima iwe na kichwa. Akisahau, naweka mkono juu ya kichwa changu mbele ya kamera, anajisahihisha mwenyewe.

Hapo hapo mweleze habari ya "su". Neno hilo ni "-ake" yetu: "su casa" ni nyumba yake, awe mwanamume au mwanamke. Linaweza pia kuwa nyumba yao, au nyumba yako wewe ninayekuheshimu. Hiyo ndiyo asili ya "Maria and his husband". Sisi tunaosema "mume wake" bila kutaja jinsia ya mwenye mume tunaijua shida hiyo vizuri.

"The differents books" imetoka wapi?

Imetoka kwenye upatanisho wa kisarufi. "Libros buenos" ni vitabu vizuri: nomino inatangulia, kivumishi kinafuata na kuchukua wingi. Mpangilio huwa unanyooka mapema, lakini "s" ya wingi hung'ang'ania kwenye kivumishi kwa miezi. Mwambie tu kwamba kivumishi cha Kiingereza ni jiwe, hakibadiliki.

Matamshi nianzie wapi? Kwake "ship" na "sheep" ni neno moja.

Anza na habari njema: Kihispania kina irabu tano, a e i o u, na ni karibu zile zile zetu. Mwanafunzi akisoma "habari za asubuhi" utadhani amelala Likoni, isipokuwa ile "h", kwa sababu kwao haitamkwi, na ile "z" nitakayoieleza hapa chini. Habari ngumu ni kwamba Kiingereza kina irabu zaidi ya kumi, naye anazisukuma zote katika mifuko mitano aliyo nayo. Sisi pia tunafanya hivyo, kwa hiyo jirekebishe wewe kwanza.

Usizifundishe zote kwa pamoja. Chukua "ship" na "sheep". Kwa "sheep" vuta midomo kama unayetabasamu na urefushe sauti. Kwa "ship" legeza taya na ukate haraka. Mwombe akutazame mdomo, asisikilize tu. Jozi hiyo ikishika, nenda kwa "full" na "fool", kisha "hat" na "hut".

Kwenye konsonanti, muulize kwanza anatoka wapi. Mtu wa Madrid tayari ana "th" ya "thamani", huitumia katika "gracias" na "zapato". Wa Meksiko na Kolombia hutamka "s" hapo. Lakini wote wana "dh" yetu bila kujua, maana "d" ya katikati ya neno kama "nada" hulegea mpaka ikakaribia "dh" ya "dhahabu". Mwambie aseme "nada" polepole, abaki na ulimi pale pale, kisha aseme "this". Nimeona watu waliohangaika miaka wakiipata kwa dakika tano.

"Sh" ni ngumu kwa wengi, kwa hiyo "shoes" inakuwa "choose". Wa Buenos Aires hana shida hiyo, kwa kuwa "yo" yake inasikika kama "sho". "B" na "v" kwao ni sauti moja. "Z" yenye mlio kama ya "zawadi" huwapotea, "zoo" ikawa "soo".

Halafu kuna "eschool" na "Espain". Maneno ya Kihispania hayaanzi na "s" iliyofuatwa na konsonanti. Hutanguliza "e": escuela, España, estudiante. Dawa yake ni kumfanya atoe "sss" ndefu kama tairi linalotoa upepo, na akiwa bado anaitoa aongeze "kul".

Jambo moja usilikosee. Watu wa Kuba, Jamhuri ya Dominika na sehemu kubwa ya Andalusia humeza "s" za mwisho hata katika lugha yao. Wakisema "two book", usikimbilie kufundisha wingi. Wape kuandika kwanza. Wakiandika "two books", wingi wanaujua; kilichobaki ni mazoezi ya ulimi.

Maneno mengi yanafanana. Nimruhusu abahatishe?

Ndiyo, na umfundishe kubahatisha kwa akili. Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066 walikuja na Kifaransa chao, kikawa lugha ya ikulu na mahakama kwa karne kadhaa. Kifaransa na Kihispania ni watoto wa Kilatini. Ndiyo sababu mwanafunzi wako anaingia darasani akiwa na maelfu ya maneno ambayo mwanafunzi wa Kisumu au Mwanza hana budi kuyajifunza moja moja.

Mwonyeshe mikia. "-ción" huwa "-tion": nación, nation. "-dad" huwa "-ty": universidad, university. "-mente" huwa "-ly", "-oso" huwa "-ous", "-ista" huwa "-ist". Kwa saa moja anaweza kujitengenezea maneno mia moja, na furaha ya kuona hivyo humbeba wiki nzima.

Mwangalie kwenye tahajia na mkazo. Kihispania hakipendi herufi pacha, kwa hiyo ataandika "profesor", "posible", "diferent". Hakina "ph", kwa hiyo "telefone". Na "hospital", "animal", "doctor" zinaandikwa sawasawa katika lugha zote mbili, lakini Kihispania kinakaza silabi ya mwisho katika zote tatu, huku Kiingereza kikikaza ya kwanza. Neno analolisoma bila tabu anaweza asilitambue akilisikia.

Na yale yanayofanana lakini maana ni nyingine?

Mwanafunzi wangu mmoja, muuguzi wa Kolombia, alinisimulia sikukuu ya Krismasi: "All my parents came to the house. Thirty parents!" Alimaanisha "parientes", yaani jamaa. Nilimwambia kwetu pia mtu ana baba mkubwa na baba mdogo, mama mkubwa na mama mdogo, kwa hiyo wazazi wengi si ajabu. Alitaka niyaandike majina hayo yote, tukatumia nusu ya somo tukichora ukoo wake na wangu kwa pamoja. Neno "relatives" hakulisahau tena.

Yapo unayopaswa kuyatanguliza kwa sababu yanaumiza. "Embarazada" ni mjamzito, hali "embarrassed" ni mwenye aibu. "Constipado" nchini Uhispania ni mwenye mafua. "Constipated" ni aliyefunga choo, na mtu anayemwandikia bosi wake kuomba ruhusa anastahili kulijua hilo mapema. "Éxito" ni mafanikio, "exit" ni mlango wa kutokea. "Actualmente" ni kwa sasa, "actually" ni kwa kweli. "Asistir" kwa kawaida ni kuhudhuria, "assist" ni kusaidia. "Librería" ni duka la vitabu. Maktaba kwao ni "biblioteca". "Sensible" kwao ni mwepesi wa kuguswa moyoni, kwa Kiingereza ni mwenye busara. "Sopa" ni supu, "soap" ni sabuni. "Ropa" ni nguo, "rope" ni kamba.

Kwa wahasibu ongeza "billón": kwao ni milioni ya milioni, wakati bilioni ya Kiingereza, kama yetu, ni milioni elfu moja.

Usimpe orodha ndefu akariri. Mpe neno moja ndani ya tukio.

Kwa nini Kiingereza chake kinasikika kama barua ya serikali?

Kwa sababu ya ile zawadi ya Kilatini. Kusema "enter", "descend" au "extinguish the fire" ni rahisi kwake, maana entrar, descender na extinguir ni maneno yake. Muingereza nyumbani husema "go in", "go down", "put out the fire". Vitenzi hivi vya vipande viwili ni vya tabaka la zamani la Kiingereza, lile lililokuwapo kabla ya Wanormani, na Kihispania hakina mfano wake.

Usivifundishe kwa kitenzi: usikae na "get" ukamlundikia "get up, get on, get over, get by". Vinachanganyika vyote. Vifundishe kwa mahali. Asubuhi ya nyumbani: "wake up, get up, put on, turn off". Siku ya kazini: "fill in, hand over, call back". Na umhakikishie kwamba maneno yake ya Kilatini hayana kosa. Akiandika ripoti au barua ya maombi, hayo ndiyo yatakayomvusha.

Kuhusu "the" na "a", mimi mwenyewe nahangaika. Nifanyeje?

Hapa yeye yuko mbele yetu, kwa sababu Kihispania kina "el" na "la", nasi hatuna. Tatizo lake ni kuzidisha. "La vida es dura" inakuwa "The life is hard". "Me gusta el café" inakuwa "I like the coffee". Kanuni moja inatosha kwa miezi ya mwanzo: ukizungumzia kitu chote kwa ujumla, "the" haihitajiki. Ya pili ni ya kazi: "soy profesor" haina "a", kama "mimi ni mwalimu", lakini Kiingereza kinadai "I am a teacher". Mengine mwachie kusoma kwingi.

"In", "on", "at" zinamchanganya. Kuna njia ya mkato?

"En" yao inafanya kazi ya "-ni" yetu: en la mesa, mezani, en casa, nyumbani, en la escuela, shuleni. Kwetu sote mahali ni mahali tu. Chora kisanduku, meza na nukta: ndani ya kisanduku "in", juu ya meza "on", kwenye nukta "at". Mchoro huo utamfikisha nusu ya njia. Kwa nusu iliyobaki hakuna mkato, ajifunze kihusishi kikiwa kimeshikana na kitenzi chake. La sivyo atasema "depend of", "married with", "think in you", "dream with you", kwa kuwa ndivyo Kihispania kinavyosema.

Maswali na kukanusha?

"You like coffee?" na "Where you live?" ni maswali kamili kwake. Kihispania, kama Kiswahili, kinaweza kuuliza kwa kupandisha sauti tu, na katika maandishi kinatanguliza alama ¿. Mfundishe "do" kama kengele ya mlangoni: huipigi, huingii. Kisha mwonye kwamba "did" ikishabeba wakati uliopita, kitenzi kinarudi hali yake ya mwanzo, maana "Did you went?" itakuja tu. "I don't have nothing" inatokana na "no tengo nada", ambayo kwao ni sahihi kabisa.

Anasema "I live here since five years".

Kihispania hutumia wakati uliopo kwa jambo lililoanza zamani na linaloendelea, kama sisi tunavyosema "naishi hapa mwaka wa tano sasa". Kiingereza kinataka "I have lived here for five years". Kwa kitendo kilichokwisha, mtu wa Uhispania anayo "he comido", ambayo inakaribia sana "I have eaten" na "nimekula". Wa Meksiko atasema "ya comí", na kwa Kiingereza atang'ang'ania "I already ate". Wamarekani wengi husema hivyo hivyo, kwa hiyo usimkatishe.

Kihispania kina "tú", wewe wa kawaida, na "usted", wewe wa heshima. Heshima anaipelekaje kwenye Kiingereza?

Swali hili huulizwa na wanafunzi wenyewe, hasa watu wazima wa Bogotá, ambako "usted" husikika hata ndani ya nyumba. Wanaona "you" ni utovu wa adabu. Waambie heshima ya Kiingereza haiko kwenye kiwakilishi, iko kwenye namna ya kuomba: "could you", "would you mind", "I was wondering if". Mimi hulinganisha na "naomba" yetu. Mtu mwenye adabu hotelini hasemi "nipe chai", husema "naomba chai".

Msamiati auhifadhije?

Kwa sentensi. Neno likikaa peke yake kwenye daftari, linakufa. "Hacer" ni kufanya, lakini Kiingereza kina "make" na "do", na hakuna kanuni itakayomwokoa: aandike "make a mistake", "do the homework", "make a decision" zikiwa nzima. Vivyo hivyo "decir", ambayo inagawanyika kuwa "say" na "tell".

Mtaalamu wa ufundishaji wa Kiingereza, Michael West, alitoa mwaka 1953 orodha ya maneno yapatayo 2,000 ya Kiingereza yenye manufaa zaidi, na wazo lake bado ni zuri: anza na yanayotumika kila siku. Mimi hutumia kadi za karatasi. Upande mmoja sentensi yenye pengo, upande wa pili neno. Arudie kesho, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Analolikosa linarudi mwanzo wa foleni.

Nimuulize nini kabla ya somo la kwanza?

Anasomea nini. Viwango vya ujuzi wa lugha vya A1 (anayeanza) mpaka C2 (wa juu kabisa), vilivyotolewa na Baraza la Ulaya mwaka 2001, ndivyo utakavyovisikia zaidi. Vyuo vikuu vingi vya Uhispania hudai angalau B1 kabla ya kumpa mtu shahada. Anayeomba uraia wa Marekani ana safari nyingine: atasoma kwa sauti sentensi moja kwa usahihi kati ya tatu, ataandika moja kati ya tatu, na atazungumza na afisa. Kumpa mtu huyo mazoezi ya insha za C1 ni kumpotezea muda na fedha.

Saa za kufundisha?

Bogotá iko nyuma yetu kwa saa nane mwaka mzima, na Jiji la Meksiko kwa saa tisa tangu Meksiko ilipoacha kubadilisha saa mwaka 2022. Madrid ni saa mbili wakati wa baridi na moja wakati wa joto. Saa moja jioni ya Bogotá ni saa tisa usiku huku. Tafuta wanaoamka mapema: saa kumi na mbili asubuhi kwao ni saa nane mchana kwako, na akili zao bado mbichi.

Siku ya kwanza nianze na nini?

Mimi huandika maneno ya Kiswahili bila maelezo: meza, bendera, mvinyo, karata, sukari, hata. Halafu nakaa kimya. Wareno waliojenga Fort Jesus hapa Mombasa kuanzia mwaka 1593 walituachia maneno, na Kireno ni ndugu wa Kihispania. Waarabu nao walikiachia Kihispania na Kiswahili maneno mamoja. Mwanafunzi huanza kuyasoma kwa sauti ya chini: mesa, bandera, vino, carta. Akifika "azúcar" hutabasamu, nami naandika pembeni yake "sugar", maana Kiingereza nacho kililipata kutoka Kiarabu hicho hicho. "Hata" humchukua muda zaidi. Wiki iliyopita fundi umeme mmoja wa Puebla alilitazama neno hilo kwa dakika nzima, akasogea karibu na kamera na kuniuliza kwa Kiingereza chake kichanga, "Teacher, is hasta?"